Nia Njema na Mizizi ya Okidi

Katika maswali ambayo wanavyuoni wa dini na wanafalsafa wameyarejea karne baada ya karne pasipo kuyamaliza, limo hili: je, mtu aliyekusudia wema kwa moyo safi, kisha kitendo chake kikaleta madhara, ametenda wema au hakutenda? Wengi hulijibu upesi kwa kuegemea fundisho mashuhuri kwamba matendo hupimwa kwa nia, wakaona shauri limekwisha. Wengine, ambao aghalabu ni wale waliopata kudhurika kwa hisani za watu, hawaridhiki kwa urahisi namna hiyo. Mimi nataka kulitazama swali hili mahali ambapo halitazamwi sana, napo ni katika malezi ya okidi ndogo ndogo, zile ambazo mmea mzima huenea katika kiganja cha mkono na ua lake pengine halionekani vema bila ya kioo cha kukuzia. Nimepachagua mahali hapo kwa sababu mmea haupokei udhuru. Mwanadamu aliyedhuriwa na sahibu yake aweza kuitazama nia ya sahibu huyo akasamehe. Okidi hupokea maji, hewa, mwanga na joto, wala haina mlango wa kupokelea kitu kingine chochote kutoka kwetu.

Katika misitu ya Afrika ya Mashariki, toka karibu na pwani mpaka milimani, iko okidi iitwayo Microcoelia exilis, ambayo haina jani hata moja la kutajika. Ni fungu la mizizi myembamba lililoshika kijiti, na mgeni apitaye chini yake huweza kudhani kuwa ni takataka iliyonaswa na upepo. Mizizi hiyo ikiwa mikavu huwa na rangi ya fedha iliyofifia; ikinyeshewa hugeuka kijani mbele ya macho ya mtazamaji, maana ganda lake la nje, ambalo ni tabaka la chembe zilizokufa zenye uwazi ndani, hufyonza maji likawa angavu, na kijani kilichofichwa chini yake kikadhihirika. Kazi ya jani, yaani kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, hufanywa na mizizi yenyewe. Maua yake ni meupe, kila moja lina upana wa milimita chache tu, na nyuma yake limebeba kifuko cha mviringo ambacho ukubwa wake, ukilinganishwa na ua, ni wa kuchekesha kidogo.

Mwenye kuipenda okidi hii akaichukua nyumbani, huenda akaifanyia kila takrima ambayo mimea mingine huipokea kwa furaha: akaipanda katika chungu chenye udongo mweusi uliorutubishwa, akaimwagia maji asubuhi na jioni, akaiweka chumbani palipofungwa ili upepo usiisumbue. Kila moja katika takrima hizo ni hukumu ya kifo. Mizizi iliyoumbwa kuning'inia hewani, ilowe kwa saa chache kisha ikauke, ikizikwa katika udongo usiokauka hukosa pumzi ikaoza. Na chumba kisichopitiwa na upepo huwa ni karamu ya ukungu na vijidudu. Mtu huyo hakupungukiwa na huruma hata chembe. Laiti angalikuwa na huruma pungufu, akaisahau kwa siku mbili tatu juu ya kipande cha gome kibarazani, pengine ingaliishi.

Liko jambo jingine ambalo limenifikirisha zaidi. Chukua okidi yenye majani, mathalan Aerangis luteoalba ya namna iitwayo rhodosticta, ambayo hukaa juu ya vitawi vya miti midogo kandokando ya mito katika nyanda za juu za nchi zetu, na ambayo maua yake, meupe kama maziwa, kila moja likiwa na kinguzo chekundu katikati, hujipanga safu mbili juu ya kikonyo kilichoinama. Jani lake likianza kunywea na kuingia makunyanzi, sababu aghalabu ni mojawapo ya mbili: ama mmea umekosa maji, ama umepewa maji mengi mno hata mizizi ikaoza na kushindwa kuyapandisha. Dalili ni moja, na sababu mbili zinazopingana. Mkono wenye huruma, uonapo jani limenywea, hauulizi; hutwaa maji ukaongeza, na siku ya pili ukiliona jani limezidi kunywea, huongeza tena. Mwenye kujua huacha maji kwanza, akauinua mmea, akaushika mzizi kwa vidole viwili na kuuminya pole: mzizi ulio hai ni mgumu na ncha yake ina kijani au wekundu mbichi, ule uliokufa hubonyea, na ganda lake huvuliwa lote likabaki vidoleni, ukasalia uzi mkavu usiofaa kitu. Uchunguzi huo hauchukui hata dakika moja, lakini hauwezi kufanywa na mtu ambaye huruma yake imekwisha kumwambia la kutenda kabla hajatazama.

Na kwa okidi za kimo kidogo muhula wa kurekebisha ni mfupi. Okidi kubwa nyingi zina mashina yaliyovimba ambamo maji na chakula huwekwa akiba, kwa hiyo huweza kustahimili taksiri za mlezi kwa miezi. Ndogo hukauka kwa adhuhuri moja ya kaskazi, na tone la maji lililolala usiku kucha katika kitovu cha majani hutosha kuliozesha chipukizi lake la pekee. Ndiyo maana walezi hodari huzinyunyizia alfajiri ili zikauke kabla ya magharibi, na hupendelea maji ya mvua yaliyokingwa. Kwetu pwani, ambako visima vingi vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, sharti hilo si anasa: maji yenye chokaa na chumvi huacha utando mweupe juu ya mizizi, na mizizi hiyo haina pengine pa kujificha.

Tarehe ya nyumba za vioo huko Uingereza hutupa ushahidi mkubwa zaidi kuliko wa kibaraza cha mtu mmoja. Mwanzoni mwa karne ya 19 okidi zililetwa huko kwa maelfu katika majahazi kutoka Amerika na Bara Hindi, zikanunuliwa kwa mali nyingi, zikapokewa kwa mapenzi ambayo yalikaribia wazimu, kisha zikafa karibu zote, hata wajuzi wa zama zile wakasema nchi yao imegeuka makaburi ya okidi. Ziliuawa kwa kutunzwa. Walioletewa waliamini kwamba kila mmea wa nchi za joto hutaka joto kali, giza na mvuke, basi wakazifungia katika vyumba vilivyotiwa moto wa makaa, madirisha yamezibwa, usiku na mchana. Ilhali nyingi katika hizo zilitoka katika milima ambako usiku ni baridi na upepo haukomi. John Lindley mwenyewe, ambaye siku zile hakupitwa na mtu kwa kuzijua okidi, na ambaye ndiye aliyeitambulisha ile Microcoelia kwa ulimwengu wa ilimu mwaka 1830, alihimiza joto na unyevu mwingi wakati huo huo. Alizijua kwa majina, kwa maumbo na kwa nasaba zao, nyingi zikiwa zimekaushwa juu ya karatasi. Nafuu ilikuja katika miaka ya 1830 kwa mtunza bustani, Joseph Paxton wa Chatsworth, aliyefungua madirisha, akapunguza moto, akamwagia sakafu maji badala ya kuichemsha hewa, na akazigawa okidi katika nyumba mbalimbali kwa kadiri ya nchi zilikotoka.

Mkabala wa hao walioua kwa kutunza yupo mtu aliyeipa mimea uhai bila ya kuikusudia. Tabibu mmoja wa London, Nathaniel Ward, alikuwa amejaribu kwa bidii kukuza madole, yaani makangaga, bustanini kwake, yakafa kwa moshi wa makaa wa mji ule. Mnamo mwaka 1829 alitia bundo la nondo katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaifunga, akingoja nondo atoke. Kilichotoka ni dole dogo na unyasi, vikaishi humo bila ya kuguswa. Kutokana na chupa ile yalitokea makasha ya kioo yaliyosafirisha mimea baharini kwa miaka mingi baadaye, na hata leo okidi ndogo kabisa za misitu ya mawingu ya Amerika hulelewa majumbani ndani ya makasha ya jamii hiyo. Kwa mizani ya nia, dole lile halikuwa na hisani yoyote ya kumshukuru Ward. Kwa mizani ya matokeo, lilipata kwake mlezi bora kuliko yale yaliyopandwa kwa mapenzi. Ukiwa na kesi mbili hizi mkononi, nia njema inayoua na kutokusudia kunakohuisha, unaweza kushawishika kusema kwamba nia si kitu, yatazamwe matokeo tu. Mimi sikubaliani na kauli hiyo. Ward alistahili sifa kwa jambo moja ambalo halikuwa bahati: alipoliona dole chupani hakulitupa, bali aliuliza kwa nini humu liko hai na kule nje yamekufa.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, alishikilia kwamba nia njema peke yake ndiyo yenye thamani isiyofungwa na sharti, na kwamba thamani hiyo haipungui ijapokuwa kitendo kisifanikiwe. Wengi wamnukuuo huishia hapo, wakaruka sharti alilolitia yeye mwenyewe, kwamba nia anayoisema si matamanio matupu bali ni kukusanya kila njia iliyo katika uwezo wa mtu. Na mafakihi wa Kiislamu, waliomtangulia kwa karne nyingi, walikwisha kuamua kwamba mtu ajitiaye utabibu hali hajulikani kwa utabibu, akamdhuru mgonjwa, ni mdhamini wa madhara hayo. Hawakuanza kwa kumwuliza kama alikusudia kuponya, kwa kuwa hakuna mtabibu wa uongo asiyekusudia kuponya. Naona hukumu hizi mbili, ijapokuwa zimetoka katika nchi na dini mbalimbali, zinakutana: kujifunza ni sehemu ya nia yenyewe, si pambo linaloongezwa baadaye. Anayesema nimekusudia wema, na njia ya kuujua wema huo ilikuwa wazi mbele yake naye hakuipita, alikusudia kitu kingine, pengine raha ya kujiona yu mwema. Methali yetu ya tenda wema wende zako ni nzuri kwa kumfundisha mtu asingoje shukrani, lakini ikifahamiwa kuwa ni ruhusa ya kutenda na kuondoka pasipo kutazama nyuma, basi wale waliozifungia okidi katika moto wa makaa waliifuata barabara.

Hoja itakayoletwa hapa naijua: ikiwa maarifa ni sharti, nani basi atathubutu kutenda wema, maana nani ajuaye yote? Mbegu ya okidi inajibu vema kuliko mimi. Mbegu hiyo ni vumbi. Haina akiba ya chakula ndani yake kama ya mahindi au ya nazi, nayo haiwezi kuota porini mpaka iingiwe na nyuzi za kuvu wa namna yake, ambaye ndiye huilisha mpaka iweze kujilisha. Siri hii haikujulikana hata mwaka 1899, Mfaransa Noël Bernard alipokuta miche ya okidi iliyochipua msituni chini ya majani makavu, kila mmoja ukiwa na kuvu ndani yake. Walakini miaka mingi kabla ya Bernard, watunza bustani walikuwa wamekwisha kuona kwamba mbegu zikinyunyizwa katika shina la mama yake, juu ya mizizi mikongwe, baadhi huota, na zikitiwa mahali pasafi hufa zote. Hawakujua sababu, walitazama, wakakumbuka, wakafuata. Maarifa yanayodaiwa kwa mwenye nia njema ni ya daraja hiyo, ambayo hata asiyejua kusoma huweza kuyafikia, na ambayo Lindley, pamoja na ilimu yake yote, hakuwa nayo kwa wakati ule. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alionyesha kwamba mbegu hizo huweza kuoteshwa ndani ya chupa kwa chakula chenye sukari bila ya kuvu. Nalo ni jambo kubwa, kwa kuwa tangu hapo hakuna tena hoja ya mtu kwenda kuibandua okidi msituni kwa kisingizio cha kuipenda.

Kisingizio hicho hakijafa. Okidi zote ulimwenguni zimo katika orodha za mapatano ya mataifa juu ya biashara ya viumbe vya porini, yaliyoanza kutumika mwaka 1975, hata hivyo mikungu ya okidi zilizong'olewa mitini huuzwa kando ya njia na wanunuzi huzichukua kwa moyo mkunjufu, wakidhani wameziokoa. Kwa hiyo, msomaji, ukitamani kulea okidi ndogo, anza na moja tu, tena iliyooteshwa kutoka mbegu. Mwulize muuzaji imezaliwa wapi na jamii yake hukaa katika mwinuko gani, na akishindwa kujibu maswali hayo mawili, mrudishie mmea wake.