Fundo la Ulimi



Kurani Tukufu inatusimulia kwamba Mwenyezi Mungu alipomwamuru Nabii Musa a.s. aende kwa Firauni, Musa hakuinuka mara moja kwa majivuno kama mtu aliyekuwa akingojea nafasi ya kuonyesha ufasaha wake. Alitaja hofu yake waziwazi: kwamba atakadhibishwa, kwamba kifua chake kinabanwa na ulimi wake haukunjuki (26:13-14). Huyu ni Mtume mteule, aliyesemeshwa na Mola wake. Basi kijana ambaye magoti yake hutetemeka anapoitwa kusema mbele ya mkutano asidhani kuwa ana upungufu wa imani, wala wenzake wasimcheke. Hofu ya kusema si aibu. Aibu ni kuifanya hofu hiyo kuwa ruhusa ya kunyamaza mahali ambapo kunyamaza ni dhuluma.

Tuitazame dua aliyoiomba Musa a.s., maana ndani yake mna mafundisho kamili kwa kila anayetaka kusema mbele za watu (20:26-29). Kwanza aliomba apanuliwe kifua. Pili, arahisishiwe kazi yake. Tatu ndipo akaomba fundo la ulimi wake lifunguliwe. Na mwisho akataja sababu ya ombi lake, yaani watu wapate kufahamu maneno yake. Hakuomba astaajabiwe, wala hakuomba sauti nzuri. Watu wengi wa siku hizi wanaotaka kujifunza hotuba huanza na ulimi, wakatafuta maneno makubwa, wakaiga mikono ya fulani na kikohozi cha fulani, na kifua kikabaki kile kile chembamba kisichobeba neno. Mtungi mtupu hata ukipambwa hautoi maji. Kifua kipanuliwe kwanza, yaani mtu awe na jambo alilolijua kwa hakika na linalomwuma moyoni, kisha ulimi utafuata, hata kama utafuata kwa kuchechemea.

Tena Musa a.s. hakuona haya kuomba msaidizi. Alisema kuwa ndugu yake Harun ni mfasaha kuliko yeye, akaomba afuatane naye (28:35). Msemaji mwema hujua upungufu wake na kumtafuta wa kuuziba.

Mfano wa jambo hili hauko mbali na sisi tunaokaa katika nchi hii ya Kilimanjaro. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, katika nchi iliyo kati ya mlima Meru na Kilimanjaro, ili ardhi hiyo wapewe walowezi wa Kizungu wafugie ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto. Tanganyika wakati ule ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na kwa hiyo watu wake walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yao huko. Wameru walichanga fedha, wakamchagua Kirilo Japhet awasemee. Wakili wao alikuwa Earle Seaton, mtu mweusi mzaliwa wa Bermuda, aliyekuwa akifanya kazi ya uwakili hapa mjini Moshi. Mwaka 1952 watu hawa wawili walilieleza jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York. Ilikuwa karibu miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere naye kusimama mbele ya Baraza la Udhamini, tarehe 7 Machi 1955.

Hebu tufikiri. Mtu atokaye katika vijiji vya mlima Meru anasimama mbele ya wajumbe wa dunia, na wasemaji wa serikali inayomtawala wapo hapo hapo tayari kumpinga. Ni kipi kilichompa ujasiri? Si vitabu vya kufundisha hotuba. Aliijua ardhi aliyokuwa akiisemea kwa miguu yake mwenyewe. Alijua pia kwamba nauli yake ilitoka katika mifuko ya maskini waliofukuzwa makwao, na mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kuulizana na nafsi yake kama anaonekana mzuri au mbaya jukwaani. Pembeni yake alikuwa na mwenziwe ajuaye sheria, kama Musa alivyokuwa na Harun. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ilipo siri yote ya kujiamini: msemaji asahau nafsi yake, akumbuke amana aliyopewa. Woga mwingi wa jukwaani, tukiuchunguza vizuri, ni kujifikiria mno.

Wala tusifiche ya kuwa kwa wakati ule hawakufaulu. Kura iliyopigwa katika Baraza Kuu haikutimiza theluthi mbili zilizotakiwa, na Wameru hawakurudishiwa ardhi yao kwa azimio la Umoja huo. Mwenye haraka atasema hotuba ile ilikuwa bure. Lakini habari za Ngare Nanyuki zilienea katika Tanganyika nzima, na watu wakaona ya kwamba mtawala anaweza kushitakiwa mbele ya ulimwengu na mtu wa kawaida. Mwaka 1967 Kirilo Japhet na Seaton walichapisha kitabu juu ya shauri hilo. Neno la haki halipimwi kwa kura za siku moja, na Mtume Mtukufu s.a.w. amelihesabu neno la haki linalosemwa mbele ya mtawala dhalimu kuwa ni jihadi iliyo bora.

Lakini ndugu, si lazima mtu afike New York ndipo akutane na Firauni wake. Tuje katika migomba yetu. Baba amefariki, arobaini imekwisha, ukoo umekaa kugawa kihamba. Wapo watoto wa kiume, wapo na mabinti, yupo na mjane. Mzee mmoja mwenye sauti nene anatangaza kwamba kwa desturi mwanamke harithi ardhi, na jambo limekwisha. Katika kikao hicho hicho amekaa kijana aliyesoma madrasa, anayeijua aya isemayo kuwa wanaume wana fungu na wanawake wana fungu katika yale waliyoyaacha wazazi, yakiwa kidogo au mengi (4:8). Pengine anajua pia kwamba sheria za ardhi za nchi yetu za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa na ya mwanamume katika kumiliki ardhi. Kijana huyu anainamisha kichwa, anachora chini kwa kijiti, na dada yake anaondoka mikono mitupu. Je, aya hiyo imemfaa nini dada yule, kama imebaki imefungwa kifuani mwa aliyeihifadhi? Ulimi wenye fundo umemla yatima sawasawa na mkono wa mwizi.

Mtu atauliza: akiinuka asemeje? Akiinuka kwa matusi, atafukuzwa na dada yake hatapata kitu. Mwenyezi Mungu aliwaamuru Musa na Harun wamwambie Firauni maneno ya upole (20:45). Ikiwa Firauni alistahili upole, mjomba je? Basi na aombe ruhusa kwa wazee kama desturi yetu inavyotaka, amtaje marehemu kwa wema, aeleze kwa utaratibu amri ya Mungu na sheria ya nchi, kisha akae. Na kama kuna mzee mwenye kuheshimiwa ambaye ni mcha Mungu, amwendee usiku wa kabla ya kikao, amfanye kuwa Harun wake.

Na aseme kwa lugha wanayoifahamu waliopo. Kila Mtume aliletwa na lugha ya watu wake ili awabainishie (14:5). Hapa mlimani mtu wa Machame na mtu wa Rombo hawasikilizani vizuri kila mmoja akishika Kichagga cha kwao, na Kiswahili ndicho kinachotuweka mkeka mmoja. Wapo wahubiri wanaorundika Kiarabu kisichofasiriwa ili waonekane wanazuoni, na wapo wasomi wanaofanya vivyo hivyo kwa Kiingereza. Wote wawili wamesahau sehemu ya mwisho ya dua ya Musa. Ama wale wanaopiga kelele katika kipaza sauti hata watoto wachanga wakaamka, hao wasome yale Luqman aliyomwambia mwanawe juu ya sauti ya punda (31:20).

Ulimi hauzoei kusema kwa siku moja. Mwenye kutaka kujifunza aanze katika kikao kidogo, asome hadithi moja baada ya sala na kuieleza kwa dakika tano, kisha amwulize mwenziwe mkweli ni wapi hakueleweka. Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye uwanja wa michezo wa Arusha unaitwa kwa jina lake, alikuwa mshairi aliyeandika kanuni za utungaji kabla hajawa meya wa Dar es Salaam na waziri wa serikali. Mtu aliyezoea kuhesabu mizani ya kila mstari hawezi kuyamwaga maneno kama maji ya mfereji uliobomoka.

Tena matendo yake yasimkanushe. Mwenyezi Mungu amewauliza waaminio kwa nini wanasema wasiyoyatenda, akaeleza jinsi jambo hilo linavyochukiza mbele yake (61:3-4). Anayewatetea mayatima wa jirani huku fungu la dada yake mwenyewe liko mikononi mwake, wasikilizaji wa kijijini wanamjua vizuri. Watamsikiliza kwa adabu na kucheka njiani.

Juu ya urefu wa hotuba, Bibi Aisha r.a. amesimulia kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alisema kwa utaratibu hata mtu angetaka kuyahesabu maneno yake angeyahesabu. Na Ammar bin Yasir r.a. siku moja alihutubia kwa maneno machache yaliyojaa maana. Alipoteremka watu walimwambia kwamba wangependa angeendelea. Akawajibu kuwa alimsikia Mtume s.a.w. akisema ya kwamba kurefusha sala na kufupisha hotuba ni alama ya ufahamu wa mtu. Hamu yao ilikuwa bado haijakwisha, naye alikwisha kushuka.