Anayevutwa Naye Ana Wajibu



Sisi watu wa Turkana tumezoea ndege za Lodwar na Kakuma. Lakini iko ndege isiyo na injini, glaida. Hapa Kenya zimeruka kule Mweiga, karibu na Nyeri. Ili ipae, hufungwa kamba ndefu na kuvutwa na ndege yenye injini.

Nilidhani aliye hatarini ni wa nyuma. Kumbe hata wa mbele! Glaida ni nyepesi, hutangulia kuacha ardhi. Rubani wake akizubaa ikapanda juu mno, kamba huinua mkia wa ile inayovuta, na pua yake huelekea chini. Wakiwa bado karibu na ardhi, hakuna nafasi ya kujiokoa. Marubani wamekufa hivyo. Ndiyo maana kila mmoja ana kifaa cha kuachia kamba, na anayevutwa hufundishwa: usipoiona ndege iliyo mbele yako, achia mara moja.

Nikamkumbuka kaka yangu wa Lodwar. Alinivuta tangu sekondari. Mimi huku Nariokotome kazi yangu ilikuwa simu tu: "Kaka, tuma, na ya kutolea." Siku moja akasema, "Mdogo wangu, kuanzia leo sina." Nikamshtaki kwa wazee, nikamsomea Wagalatia 6:2, tubebeane mizigo. Baadaye nikajua watoto wake walikuwa wanalala njaa, na dukani ana deni. Sikuwahi hata kumuuliza, "Wewe umekula?"

Je, kaka alitenda dhambi kukata kamba? Kumwachia ndugu ambaye hajapaa ni jambo zito, aweza kuumia. Lakini mimi nilikuwa na mabawa: mikono miwili na cheti cha shule. Na Paulo huyo huyo, kwenye 6:5, asema kila mtu ana furushi lake. Hajipingi. Mzigo wa 6:2 ni ule unaomlemea ndugu, na siku ile aliyelemewa hakuwa mimi. Andiko nililomrushia kaka lilikuwa langu.

Mpendwa, nani anakuvuta? Bado unamwona? Wiki hii piga simu ya kumjulia hali tu. Mimi nilipiga. Kaka akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Unataka ngapi?" Nikasema, "Sitaki kitu, kaka." Hakuamini. Nitapiga tena.

Mungu atusaidie. Amina.