Baraka kwa Jina la Mwingine

Jumamosi moja jioni, baada ya mazoezi ya kwaya, vijana wa usharika walitundika shuka jeupe ukutani katika ukumbi wetu wakaonyesha filamu. Sisi wachungaji na wazee wa kanisa tulialikwa kukaa nao. Filamu yenyewe ni ya Marekani, inaitwa School of Rock. Ilitoka mwaka 2003 na mwongozaji wake ni Richard Linklater. Ni ya kuchekesha tangu mwanzo hadi mwisho, nasi tulicheka, vijana kwa wazee. Lakini taa zilipowashwa na maoni yakaanza kutolewa, ilikuwa kana kwamba kila kundi limeona filamu yake.

Kisa chake kwa kifupi ni hiki. Dewey Finn, anayeigizwa na Jack Black, ni mpiga gitaa aliyefukuzwa na bendi yake mwenyewe. Anaishi kwa rafiki yake Ned, na kodi ya nyumba halipi. Siku moja simu inalia: shule ya watoto wa matajiri inamtafuta Ned akashike darasa kama mwalimu wa muda. Dewey anajibu kana kwamba yeye ndiye Ned, anakwenda kazini kwa jina lisilo lake ili mshahara uwe wake. Hana la kufundisha. Anawaacha watoto wapoteze muda, mpaka siku anapowasikia katika kipindi cha muziki, akagundua kuwa wanapiga vyombo vizuri sana. Anaamua kuwafanya bendi ya roki ili washindane naye jukwaani, nao wanaambiwa kuwa hiyo ni kazi ya shule.

Hapo ndipo jambo la ajabu linapotokea. Mtoto Zack, ambaye baba yake ni mkali, anapewa gitaa la umeme na kwa mara ya kwanza anasikilizwa. Lawrence, mpiga kinanda anayejiona hafai kuwa na wenzake, anaambiwa kuwa anafaa. Tomika ana sauti nzuri lakini anauonea haya mwili wake. Anatiwa moyo mpaka anaimba. Hata wasiojua chombo chochote wanapewa kazi: taa, mavazi, ulinzi. Mwisho wake uongo unafichuka mbele ya wazazi. Hata hivyo watoto wanamfuata mwalimu wao, wanakwenda kupiga, na ingawa hawashindi, umati unawaita warudi jukwaani.

Katika ukumbi wetu maoni yaligawanyika mara tatu. Vijana wengi walisema: yule ndiye mwalimu wa kweli, kwa sababu aliona kilichomo ndani ya watoto. Baadhi ya wazazi walisema: yule ni tapeli, na filamu inawafundisha watoto kwamba ukidanganya kwa tabasamu utasamehewa. Kundi la tatu likasema: jamani, ni kichekesho tu, tukalale.

Tuanze na hao wa mwisho. Kucheka si dhambi. Mhubiri katika sura ya tatu anaweka wakati wa kucheka kando ya wakati wa kulia, na vyote viwili chini ya mkono wa Mungu. Luther mwenyewe alipiga kinanda cha nyuzi, akapenda utani mezani, na akaupa muziki nafasi ya pili baada ya theolojia. Kwa hiyo hatukukosea kucheka. Lakini kicheko hutuonyesha kitu ambacho tumekizoea hata kikawa chepesi mikononi mwetu. Huenda ndiyo sababu mzee mmoja wa kanisa alipozungumza, ukumbi ulinyamaza. Alisema, “Baba Mchungaji, mbona huyu tunamcheka, na yule wa kwetu tulimfukuza?”

Hakuhitaji kueleza zaidi. Mwaka 2017 Serikali ilipohakiki vyeti vya watumishi wa umma, maelfu walikutwa na vyeti vya kughushi wakaondolewa kazini. Mmoja wao alikuwa mwalimu aliyeketi katika mabenchi yetu. Alikuwa amefundisha miaka mingi, na baadhi ya vijana waliokuwa ukumbini jioni ile walijifunza kusoma kwake. Tangu siku ile hakuonekana tena ibadani, na sisi hatukumfuata.

Swali basi si la Marekani tu. Je, tunda jema huutakasa uongo uliolitangulia? Na kama haliutakasi, tumfanye nini mtu ambaye wema wake ulisimama juu ya uongo?

Kwa swali la kwanza, jibu letu ni hapana. Wanaomtetea Dewey husema kuwa bila uongo wake wale watoto wasingeonekana. Ni kweli kwamba uongo ndio uliofungua mlango wa darasa. Lakini uongo haukumpa macho ya kuwaona watoto. Macho hayo alikuwa nayo tayari, na aliyempa alikuwa Mungu. Kazi ya uongo ilikuwa nyingine. Ulimnyang'anya Ned jina lake. Uliwafanya wazazi wasijue watoto wao wako mikononi mwa nani. Tena ulienea: wanapoambiwa kuwa nafasi za mashindano zimejaa, watoto wanajifanya wana ugonjwa usiopona ili waonewe huruma. Tulicheka hapo pia. Lakini wamejifunza hayo kwa nani? Mwalimu alifundisha muziki kwa mdomo na udanganyifu kwa mfano, na watoto walifaulu masomo yote mawili.

Luther alitoa mfano wa seremala anayechonga kwa shoka lenye mapengo. Kazi inafanyika, kwa sababu seremala ni hodari. Lakini mapengo yanabaki kuwa mapengo, na alama zake huonekana kwenye mti. Ndivyo Mungu anavyofanya kazi kupitia kwetu. Wema uliopatikana haututhibitishii kwamba shoka lilikuwa zima. Unathibitisha tu kwamba Seremala hakuacha kazi.

Kwa swali la pili, tumkumbuke Yakobo. Katika Mwanzo 27 alivaa nguo za kaka yake, akafunika mikono kwa ngozi za mbuzi, na baba yake kipofu alipomwuliza yeye ni nani, akajibu kuwa ni Esau. Alipata baraka, na baraka haikurudishwa. Lakini alilazimika kukimbia nyumbani, na huko alikokimbilia Labani naye akamdanganya kwa kumpa Lea. Miaka ilipita. Kisha katika sura ya 32, usiku, kando ya mto, akaulizwa tena jina lake. Safari hii alijibu kwamba ni Yakobo. Akabarikiwa mahali pale, akaondoka akichechemea. Baraka aliyoiba kwa jina la mwingine, ilimbidi aipokee upya kwa jina lake mwenyewe.

Tunaona jambo kama hilo hata katika kichekesho hiki. Dewey akiwa Ned anaishi kwa hofu, kila hodi inamshtua. Ni baada ya kufichuliwa na kuaibika ndipo watoto wanamfuata, wakijua sasa yeye ni nani. Mwishoni anafundisha muziki baada ya saa za shule, na Ned yumo pamoja naye. Kipawa ni kile kile, ila sasa kina jina halali.

Katekisimo Ndogo, inapoeleza amri ya nane, haituambii tu tusimshuhudie jirani uongo. Inatutaka pia tumtetee, tumseme vizuri, na mambo yake tuyaeleze kwa upande ulio bora. Amri hii inatuhukumu pande zote mbili. Aliyetumia cheti cha mwingine aliivunja. Na sisi tuliosema juu yake kana kwamba katika miaka yake yote hakufundisha hata herufi moja, tuliivunja pia. Sheria ya nchi ilifanya kazi yake, wala hatuipingi. Kazi ya kanisa ilikuwa nyingine: kumwendea aliyebaki bila jina na kumwita kwa jina lake. Hiyo hatukuifanya.

Hakuna aliyebatizwa kwa jina la jirani. Pale kwenye maji kila mmoja alitajwa jina lake, na Mungu alijua tangu hapo mapengo yote ya shoka hili. Anayejua hivyo hana haja ya kuazima jina la mtu, wala hana sababu ya kumkimbia aliyeliazima.

Wiki iliyofuata, yule mzee wa kanisa na mchungaji mmoja walikwenda kubisha hodi kwa mwalimu wetu. Alifungua mlango mwenyewe. Tulimwita kwa jina lake, naye akatukaribisha ndani.