Je, Mwuguzi Akilala Anatenda Dhambi?

Mfikirini mwuguzi wa watoto wachanga katika mji wa Baraka, ukingoni mwa ziwa Tanganyika. Zamu yake ya usiku imekwisha. Mwenzake amefika, amenawa mikono, amepokea kazi. Lakini mlangoni mama mmoja aliyeshuka kutoka milima ya Fizi amshika nguo, akimwambia: “Mama, usituache. Mwanangu amekuzoea wewe.” Nyumbani kwake mtoto wake mwenyewe anamngoja tangu jana jioni, wala mihogo haijatwangwa. Afanye nini? Akibaki, watu watamsifu kwa huruma yake. Akienda, dhamiri yake itamsumbua njia nzima.

Kabla ya kujibu, yafaa kuijua kazi yenyewe. Mtoto azaliwaye kabla ya majuma 37 ya mimba hajatimiza siku zake. Mara nyingi uzito wake haufiki kilo 2.5, na wengine wana kilo moja tu na kitu kidogo. Mwili wake haushiki joto. Kama hajaweza kunyonya, maziwa hupitishwa katika mrija mwembamba hadi tumboni, kidogo kidogo, kila baada ya saa 2 au 3, mchana na usiku. Tena pengine husahau kuvuta pumzi. Mwuguzi asipomwona na kumsugua nyayo upesi, aweza kufa kimya kimya, pasipo kulia. Dawa yake nayo hupimwa kwa hesabu ndogo sana: nukta moja ikiwekwa mahali pasipo pake, mtoto hupewa mara 10 ya kipimo chake.

Hapa ndipo jibu linapoanzia. Kazi hii haitaki moyo mwema peke yake; yataka macho yanayoona na akili inayohesabu. Macho na akili huchoka, hata kwa mtu mtakatifu. Mwuguzi aliyekesha siku nyingi ana upendo uleule, lakini mkono wake si uleule. Akikataa kulala kwa kuwa anawapenda watoto, kesho atawaletea hatari watoto haohao. Kwa hiyo usingizi wake si mali yake peke yake. Ni sehemu ya matunzo anayowiwa na wagonjwa wake.

Wavuvi wa ziwa hili wanalijua jambo hilo. Usiku wa giza huenda na taa kuvua ndakala. Mbalamwezi inapong’aa, taa hazivuti samaki vema, basi hubaki pwani wakizishona nyavu zao. Hakuna awaitaye wavivu, maana wavu uliotoboka haujazi mtumbwi. Vilevile amri ya Mungu juu ya siku ya kupumzika haikumtaja mwenye nyumba peke yake. Ilimtaja na mtumishi, na mgeni, na hata mnyama wa kazi. Naye Bwana Yezu, ambaye wagonjwa walimsonga kila mahali, aliwaita mitume wake kando wapumzike, na mwenyewe alilala chomboni katikati ya tufani.

Lakini mtu atauliza: “Na kama mwenzake hajafika?” Huenda mvua imeharibu njia. Huenda kuna vita, kama vile vya mwaka 1996, vilivyowafanya watu wengi wa Fizi kuvuka ziwa na kukimbilia Kigoma. Jibu ni hili: hapo asiwaache watoto peke yao. Kupumzika si kutoroka. Anayepumzika ameukabidhi mzigo mikononi mwa mwingine. Anayetoroka ameutupa chini. Akikaa siku ya shida, ametenda haki na upendo. Lakini siku ya shida ikigeuzwa kuwa desturi ya kila juma, lawama si yake. Ni ya wale waliomwacha peke yake.

Ni akina nani hao? Kwanza ni wenye mamlaka, maana katika Kongo wauguzi wengi wa serikali hawapati mshahara kwa wakati wake. Mwenye kutoka zamu huchukua jembe aende shambani, badala ya kulala. Lakini kijiji nacho kijichunguze. Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kazi Baraka mwaka 2003, na msaada wake ulikuwa mkubwa. Lakini hakuna shirika litakalokuja kutwanga mihogo nyumbani kwa mwuguzi.

Wazazi pia wana sehemu yao. Mwaka 1978, mjini Bogotá katika nchi ya Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria aliona mashine za kuwatia watoto joto hazitoshi. Akaanza kuwalaza watoto kifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu abebavyo mtoto wake. Mwaka 2021 uchunguzi uliofanywa Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India ulionyesha kwamba watoto wakianza kubebwa hivyo mara baada ya kuzaliwa, vifo hupungua kwa robo hivi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri wabebwe saa 8 hadi 24 kila siku. Mama mmoja atawezaje saa hizo zote, naye ametoka kujifungua? Baba aweza kumbeba, na nyanya, na shangazi, ili mama ale, aoge na kulala. Baba asemaye, “Hiyo ni kazi ya wanawake,” amwibia mkewe usingizi, na mwanawe joto.

Basi mwuguzi yule mlangoni na aushike mkono wa mama kwa upole, amwonyeshe mwenzake aliyepokea zamu, kisha aende nyumbani kwake. Heri akifika akute mumewe amekwisha kutwanga. Akilala, hatendi dhambi. Dhambi ikiwapo, itafutwe kwa yule aliyeweza kuushika mzigo, naye akakunja mikono. Kila mkatekumeni na ajiulize jioni ya leo: Ni nani karibu na nyumba yangu asiyelala kwa sababu mimi nimelala mno?