Rangi Mpya Juu ya Ufa wa Zamani



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya fedha, wakwe, ugomvi na malezi. Leo tuanzie mahali pengine: kwenye kibanda cha fundi wa pikipiki. Msishangae. Mume na mke wanaweza kujifunza mengi wakisimama mbele ya tangi lenye kutu.

Hebu tuwafikirie mume na mke wa Matete, kule Kakamega. Mume ni mwalimu, mke analima mahindi na kuuza mboga sokoni. Baba yake mwalimu alipofariki aliacha pikipiki nyekundu aina ya Honda CG125. Wazee mtaikumbuka. Ilianza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1970, na Wajapani waliibuni kwa ajili ya nchi ambako mwenye pikipiki huibebesha mizigo mizito na hukumbuka oili siku inapokataa kuwaka. Injini yake ilivumilia mno, hata leo pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria zina injini iliyoigwa kutoka kwake.

Lakini hakuna aliyebuni rangi isiyohitaji kutunzwa. Kakamega kuna mvua nyingi. Jiwe dogo la barabarani huchubua rangi, maji huingia kwenye mchubuko, na chuma hushika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo huisukuma rangi kutoka chini hadi ikavimba kama lengelenge. Kwa nje unaona kipele tu, kumbe chini yake pameliwa upana wa kiganja. Na wakati huo wote injini inanguruma vizuri!

Je, si ndivyo zilivyo nyumba nyingi? Watoto wanakula, karo inalipwa, Jumapili tunaonekana kanisani tumevaa vizuri. Injini inanguruma. Tunadhani kwa kuwa safari inaendelea, hakuna kinacholiwa chini ya rangi.

Mwalimu wetu aliamua kuifanya pikipiki ya marehemu ing'are tena kabla ya siku ya kumkumbuka mzee. Mkewe hakufurahi. "Baba watoto," alimwambia, "paa la jikoni linavuja, nawe unapaka rangi chuma?" Mume akajibu kwamba ile ni kumbukumbu ya baba yake. Kila mmoja alikuwa na neno lake la haki, na ubishi ukaishia hapo kama ubishi mwingi unavyoishia: kwa kunyamaza.

Kazi ya rangi ina mpango wake. Kwanza fundi huondoa kutu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane. Husafisha mafuta na vumbi, hupaka andakoti, huacha ikauke, hulainisha tena, ndipo hupuliza rangi yenyewe. Ukipaka rangi juu ya kutu, itang'aa majuma machache, kisha itabanduka kwa vipande. Aliyeruka hatua ya kwanza hulipa mara mbili.

Basi fundi alipokuwa akisugua fremu, chini ya rangi ya zamani, karibu na mahali kiti kinaposhikiliwa, alikuta ufa mwembamba kama unywele. Akamwita mwenyewe. "Mwalimu, kuuchomelea vizuri na kuuwekea bati la kuimarisha kutaongeza gharama, na alama itabaki. Au tuufunike kwa rangi. Hakuna atakayeuona."

Hapo ndipo swali letu lilipo. Je, kufunika ni uongo? Mbona tunafunika mambo mengi kila siku, na tunaita heshima? Mke hamwambii mume wake kila wazo lililompitia. Mume hatangazi mbele ya wageni kasoro za mkewe. Mtu aliyekosa ujanani, akatubu na kujirekebisha, je, alazimike kuanika yote mezani?

Mwalimu alikaa kwenye kigogo pale kibandani akafikiri. Kilichomsumbua si rangi. Alikumbuka ni nani huketi nyuma yake wakienda Misa. Mkewe huketi palepale juu ya ule ufa, mara nyingine na mtoto mapajani.

Wapendwa, nadhani kipimo tunachokitafuta kiko hapo. Usiulize kwanza, "Je, jambo hili litaonekana?" Uliza, "Ni nani anayebebwa juu yake?" Mchubuko kwenye tangi haumwangushi mtu. Unaweza kuupaka, unaweza kuuacha, ni hiari yako. Lakini ufa wa fremu si wako peke yako. Anayepanda nyuma ameukabidhi uhai wake kwa chuma asichokiona. Ana haki ya kujua, hata kama kujua kutamkasirisha.

Deni ulilolichukua kwa siri ni ufa wa fremu. Maradhi unayoweza kumwambukiza mwenzako ni ufa wa fremu. Mtoto uliyemzaa nje na kumficha, hati ya shamba uliyoiweka rehani, vivyo hivyo. Hata sheria yetu ya mali ya ndoa, ile ya mwaka 2013, inataka ridhaa ya mwenzi kabla mali ya ndoa haijauzwa wala kuwekwa rehani. Na tuliofundishwa Kitubio tunajua kwamba kuungama kwa padre hakumfungi mtu aache kumlipa aliyemdhuru. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Lakini tahadharini na kosa la upande wa pili. Kuna wanaoshika msasa wakasugua kila mahali, hata penye rangi nzima, wakitafuta kutu. "Niambie yote! Ulikuwa na nani kabla yangu? Siku ile ulikuwa unawaza nini?" Fundi mzuri habandui rangi iliyoshika, kwa maana rangi ya kwanza ikishaondolewa hairudi. Jambo lililokwisha kusamehewa na kurekebishwa lisichimbuliwe kila mnapokosana.

Jioni ile mwalimu alimweleza mkewe habari za ufa. Mke alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Tumekuwa tukipanda hivyo kwa muda gani?" Mume hakujua. Halafu mke naye, bila kuulizwa, akasema kwamba alikuwa na mkopo wa chama ambao hakuwahi kuutaja, alioununulia mbolea msimu ule mahindi yalipoharibika. Hawakulala mapema. Kulikuwa na maneno makali, na kulikuwa na machozi. Asubuhi walikubaliana: ufa uchomelewe, fremu ipakwe rangi ya kawaida, na fedha zilizokusudiwa kung'arisha tangi zilipe mkopo. Paa la jikoni lingoje mavuno.

Kwa hiyo tangi la mzee limebaki na wekundu wake uliofifia kwa jua. Fundi alipaka michubuko tu ili maji yasiingie. Ili kupata rangi inayokaribiana, aliinua kiti akatazama mahali ambapo jua halikufika, na pale wekundu ulikuwa kama siku ya kwanza. Hata hivyo ile rangi ya siku ya kwanza, ikipakwa juu ya tangi lililozeeka, huonekana kiraka. Akaipunguza ukali. Viraka bado vinaonekana ukikaribia. Mwalimu anasema haoni haya.

Nanyi msione haya. Nyumba iliyotengenezwa ina alama zake. Na siku mnapochokana, inueni kiti mkatazame: huenda ule upendo wa mwanzo bado uko mahali ambapo jua halikufika. Msidai tu kwamba ndoa ya miaka ishirini iwe na rangi ya siku ya harusi.

Kwa mazungumzo ya nyumbani, watoto wakishalala:

1. Ni jambo gani ninalolificha ambalo mwenzangu anabebwa juu yake pasipo kujua?

2. Ni jambo gani lililokwisha kusamehewa ambalo bado nalisugua kwa msasa?

3. Mwenzangu akiniambia ukweli unaoniuma, je, namfanya ajute kuusema?