Kiota cha Chozi

Soma Kumb. 22:6, 7 pamoja na Kumb. 5:16. Ni ahadi gani inayofanana katika mafungu haya?

Mkulima wa Rubwera, wilayani Kyerwa, anafyeka kichaka kandokando ya migomba yake. Kwenye ncha ya tawi kinaning'inia kifuko cha nyasi kilichofungwa kwa utando wa buibui: kiota cha chozi. Dume humetameta juani. Jike, ambaye kwa kawaida huatamia peke yake, ni wa rangi hafifu tu. Hana bei sokoni. Shamba ni la mkulima, na panga ni lake. Je, anadaiwa lolote na ndege huyo?

Torati haikuwakataza Waisraeli kuchukua makinda. Iliwakataza kumchukua mama pamoja nayo, yaani kutumia upendo wake kama mtego. Wengine husema shabaha ilikuwa kulinda kizazi cha ndege, chakula kisije kikaisha. Ni sababu nzuri, lakini haielezi kwa nini anayemwachilia ndege anaahidiwa siku nyingi, sawa na anayewaheshimu baba na mama yake.

Makinda yatahitaji majuma machache kabla ya kuruka. Mvua imekwisha kuanza, na maharage hayajapandwa. Afanye nini na kichaka hicho?