Soma Jina Kwenye Kikopo

Wajukuu zangu wa Ngara na Biharamulo, jipu likiuma mnakimbilia zahanati siku ya pili. Uvimbe usiouma mnauacha. Sarkoma, saratani ya misuli, mafuta na mifupa, mara nyingi ndiyo tabia yake: inakua kimya pajani hadi ukubwa wa yai, nawe unaendelea kupalilia migomba. Nimemwona kijana aliyechanjwa chale juu ya uvimbe, akapakwa dawa nyeusi. Alipofika hospitali, ugonjwa ulishaingia mapafuni.

Najua mtaniambia: babu, siku hizi kuna vidonge. Vipo. Machi 2000, kule Helsinki, mama mmoja mwenye sarkoma ya tumboni iliyotapakaa hadi kwenye ini, dripu za kemo zimeshindwa, alipewa kidonge cha imatinibu. Wiki chache tu, uvimbe ukaanza kunywea. Wakaijaribu kwa wagonjwa 147. Kwa zaidi ya nusu yao uvimbe ulisinyaa, ila hakuna hata mmoja ambaye wake ulitoweka wote. Kidonge kile kinazima swichi ya seli iitwayo KIT. Marekani walipokijaribu kwa watu 30 wenye sarkoma ya Kaposi na VVU, kilisinyaza uvimbe wa 10. Kaposi yetu hii, ambayo Kagera tuliizoea tangu UKIMWI ulipoonekana kwetu 1983. Sarkoma hazifanani, kwa hiyo msiombe dawa ya jirani. Ombeni kinyama kikatwe, kipimwe, ijulikane ni sarkoma ipi.

Na mkiambiwa mwingie kwenye majaribio, msikimbie kama mnaotolewa kafara. Kenya na Uganda walikuwemo kwenye jaribio la Kaposi la wagonjwa 334, nchi sita. Tiba mbili zilizozidiwa na paklitaseli, dawa ya kemo, zilisimamishwa kabla ya muda. Hapa kwetu jaribio lazima lipite NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Wewe uliza: nikijitoa katikati, nitaendelea kutibiwa? Jaribio likiisha, dawa nitaipata wapi? Nakala ya fomu ya ridhaa uondoke nayo, uiweke pamoja na kadi ya kliniki.

Kinyama kikipelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, safari si ile ya kungoja kivuko Busisi; tangu Juni 2025 kuna daraja. Lakini kabla kikopo cha formalini, dawa ya kuhifadhia kinyama, hakijafungwa, soma jina lililobandikwa. Niliwahi kushika viwili mkononi, vyote vimeandikwa Yohana, bila jina la baba wala kijiji.